Utando Unaosinyaa kwa Joto

Mgonjwa wa kisukari aliyebandikwa kihisi cha sukari mkononi anameza panadol mbili kwa ajili ya kichwa. Baadaye kidogo simu inampigia kelele kwamba sukari imepanda. Haijapanda hata kidogo. Dawa imepenya hadi kwenye waya wa ndani, ikaoksidishwa juu ya platini, na umeme uliotokana nayo ukahesabiwa kuwa ni sukari. Kwa miaka mingi watengenezaji wa vihisi walionya kwenye vijikaratasi vyao kwamba parasetamoli huvuruga vipimo. Mwaka 2018 ikaja Dexcom G6, ambayo mwenye kuivaa anaruhusiwa gramu moja ya parasetamoli kila baada ya saa sita. Vihisi hivyo bado hutumia kimeng'enya kilekile cha tangu zamani. Dawa sasa inazuiwa na utando mwembamba uliopakwa juu ya waya.

Historia ya vihisi vya mwilini husimuliwa kama historia ya vimeng'enya na elektroniki, na utando hutajwa kwa pembeni kama kifungashio tu. Mimi naona mambo ni kinyume. Katika kila hatua ya safari hii kimeng'enya kilikuwapo, umeme ulikuwapo, na kilichoamua kama chombo kitafanya kazi ndani ya mwili wa mtu au la ni ngozi ile nyembamba inayochagua molekuli ipi ipite na ipi ibaki nje. Na jambo la kushangaza zaidi ni kwamba karibu wote waliochangia kuitengeneza walikuwa na shughuli nyingine kabisa.

Wa kwanza ni Leland Clark. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika mji mdogo wa Yellow Springs jimboni Ohio, Clark alikuwa akiunda mashine ya kuitia damu oksijeni nje ya mwili, ili madaktari waweze kuupumzisha moyo na kuupasua. Mashine ilifanya kazi. Aliandika makala, ikarudishwa: hakuwa na namna ya kupima ni oksijeni kiasi gani imeingia katika damu ile. Elektrodi ya platini yenye uwezo wa kugundua oksijeni ilijulikana tayari, ila ukiitumbukiza kwenye damu nzima inachafuka papo hapo, protini zinaganda juu yake na mkondo wa umeme unafifia. Clark akaivisha selofani. Ikasaidia, lakini haikutosha. Mwaka 1954 akapata wazo ambalo leo linaonekana rahisi mno: akaziweka elektrodi zote mbili, ya platini na ya rejea, nyuma ya kipande kimoja cha polithini. Oksijeni hupenya polithini. Chumvi, protini na chembe za damu hazipenyi. Damu ikabaki upande wake, umeme upande wake, na kinachovuka mpaka ni kile tu kinachopimwa.

Mwaka 1962 Clark na daktari mpasuaji Champ Lyons walipendekeza hatua iliyofuata. Ukichukua elektrodi ile ya oksijeni, ukaibana na tabaka la kimeng'enya glukosi oksidesi, kisha ukafunika kwa utando mwingine, sukari itakayoingia italiwa na kimeng'enya kwa kutumia oksijeni. Oksijeni inapungua, haidrojeni peroksaidi inazaliwa, na kimojawapo kati ya hivyo viwili kikipimwa, sukari imepimika. Hapo ndipo kihisi cha kibayolojia kilipozaliwa. (Clark huyuhuyu, miaka minne baadaye, alimzamisha panya ndani ya kimiminika kilichojaa oksijeni na panya akaendelea kupumua. Hakuwa mtu wa kukaa na jambo moja.)

Tazama kazi aliyopewa utando huu. Molekuli ya oksijeni ina uzito wa 32, glukosi 180, parasetamoli 151, albumini ya damu kama 66,000, na kimeng'enya chenyewe kama 160,000. Kimeng'enya kisitoke, albumini isiingie, sukari iingie, parasetamoli na vitamini C, ambazo umbo lake si kubwa kuliko la sukari, zisifike kwenye platini. Juu ya hayo yote kuna tatizo ambalo wahandisi walilishtukia baadaye: ndani ya nyama ya mwili sukari ni nyingi mno kuliko oksijeni, kwa hiyo ukiiruhusu sukari kumiminika, oksijeni inakwisha na kihisi kinasoma uhaba wa oksijeni badala ya wingi wa sukari. Utando basi unatakiwa uibane sukari na kuiachia oksijeni, yaani uwe mkali kwa mgeni yuleyule tunayemsubiri.

Mwaka 1967 Stuart Updike na George Hicks wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walikinasa kimeng'enya ndani ya jeli ya poliakrilamaidi, wakaipaka juu ya elektrodi. Badala ya kimeng'enya kuelea kati ya tando mbili, sasa kilikaa ndani ya wavu wa polima uliojaa maji. Sukari ndogo ilipita kwenye mianya ya wavu na kimeng'enya kikubwa kikanaswa humo. Kuanzia hapo haidrojeli, yaani polima iliyofungwa mafundo kiasi kwamba hunywa maji bila kuyeyuka, ikawa sehemu ya kihisi.

Lakini jeli inayoweza kukaa na mwili wa binadamu ilikuwa imeshaanza safari yake Prague, kwa Otto Wichterle. Huyu alikuwa mwanakemia asiyejua kunyamaza: Gestapo walimfunga mwaka 1942, na serikali ya Kikomunisti nayo ikamfukuza chuoni mwaka 1958. Mwaka 1952, akiwa kwenye garimoshi, alimwona abiria wa pembeni yake akisoma makala kuhusu vipandikizi vya macho vya madini. Wichterle akamwambia kwamba plastiki ingefaa zaidi, mradi iwe plastiki inayoshika maji kama tishu za mwili zinavyoshika. Abiria yule alikuwa ofisa wa Wizara ya Afya. Miaka michache baadaye Wichterle na msaidizi wake Drahoslav Lím walikuwa na jeli ya methakrilati inayobeba karibu asilimia 40 ya uzito wake kwa maji, laini na angavu, na mwaka 1960 jarida la Nature likaichapisha kama jeli kwa matumizi ya kibayolojia.

Wizara ikachoka kusubiri lenzi za macho, ikausimamisha mradi. Basi Krismasi ya mwaka 1961 Wichterle aliketi nyumbani kwake na vyuma vya kuchezea vya Merkur, vilivyokuwa vya wanawe, akaunda kimashine cha kuzungusha kalibu ndogo za kioo. Cha kuzungushia kilikuwa dainamo ya baiskeli, na umeme ulitoka kwenye transfoma ya kengele ya mlangoni. Alidondosha kimiminika ndani ya kalibu inayozunguka. Mzunguko ukakisukuma kimiminika kwa pembeni, kikaganda kikiwa na umbo la lenzi na kingo zisizokwaruza jicho. Jioni ile zilipatikana lenzi nne. Katika miezi minne ya kwanza ya 1962, yeye na mkewe Linda walitengeneza 5,500. Hataza ziliuzwa kwa kampuni ya Kimarekani, na mwaka 1971 Bausch & Lomb ikapata kibali cha kuuza lenzi laini Marekani. Jina la Wichterle likabaki na lenzi, ila jeli yenyewe ilienda mbali zaidi: ikawa moja ya vifaa vya kwanza ambavyo watengenezaji wa vipandikizi na vihisi walivikimbilia walipotaka kitu ambacho mwili hautakigombeza.

Jeli ya Wichterle ilikuwa na tabia moja tu. Ukishaivimbisha kwa maji, mianya yake inabaki vilevile. Kifumbu cha kukamulia tui nacho ni hivyo: matundu ya asubuhi ndiyo ya jioni, na ukitaka kuchuja laini zaidi huna budi kutafuta kingine. Kwa mpimaji wa molekuli hiyo ni hasara, kwa sababu molekuli zinazomsumbua hazilingani. Utando ambao mianya yake inafunguka na kufumba kwa amri ulitoka kwenye polima iliyokuwa imedharauliwa.

Jina lake refu ni poli-N-isopropilakrilamaidi, na maabara huifupisha PNIPAM. Miaka ya 1950 kampuni ya American Cyanamid ilikuwa ikiitazama kemikali yake ya msingi kama dawa ya kufukuza panya. Mwaka 1968 M. Heskins na J. E. Guillet wa Toronto waliichunguza ndani ya maji, wakaeleza kwa kirefu tabia yake ya kinyume. Sukari na chumvi huyeyuka vizuri zaidi maji yakipata moto. PNIPAM huyeyuka kwenye maji ya baridi, na yakifika nyuzi 32 hivi za selsiasi inajitenga. Katika baridi, molekuli za maji zimeshikamana na vikundi vya amaidi vya mnyororo na kuuzingira kwa mpangilio. Joto likizidi, maji yanaona faida kuuvunja mpangilio huo na kwenda zake. Sehemu za mnyororo zisizopenda maji zinabaki uchi, zinakumbatiana, na mnyororo mzima unajikunja. Nyuzi 32 ni kati ya joto la chumba na joto la mwili wa mtu. Hakuna aliyelipanga hilo, lakini bila bahati hiyo polima hii pengine ingebaki kwenye makabati ya wafukuza panya.

Aliyeonyesha kwamba wavu mzima, si minyororo iliyolegea tu, unaweza kuporomoka kwa mkupuo ni Toyoichi Tanaka. Alizaliwa Nagaoka, Japani, mwaka 1946, akasomea fizikia Tokyo, kisha akahamia MIT. Kilichomvutia mwanzoni ni jicho. Lenzi ya jicho la panya mchanga hupata ukungu ikipozwa na kuwa angavu tena ikipashwa moto, na Tanaka aliutumia mwanga wa leza kuonyesha kwamba ni protini na maji vinavyotengana. Kutoka kwenye lenzi akahamia kwenye jeli za poliakrilamaidi, ndugu ya ile ya Updike na Hicks. Mwaka 1978 alichapisha matokeo: vipande vya jeli vilivyowekwa katika mchanganyiko wa maji na asetoni havikupungua taratibu. Hali ikifika mahali fulani, badiliko dogo tu la joto au la asetoni lilivifanya viporomoke, ukubwa ukaanguka mara nyingi kwa mpigo mmoja.

Kulikuwa na kigugumizi hapo katikati ambacho napenda kukitaja, maana vitabu hukiruka. Jeli zilizokaa muda mrefu ziliporomoka. Zilizotengenezwa upya zilinywea polepole tu, bila mruko wowote. Ilionekana kama uchawi wa chupa kuukuu. Kumbe kukaa kwenyewe ndiko kulikobadili kitu: sehemu za amaidi zilikuwa zimegeuka asidi moja moja, jeli ikabeba chaji za umeme, na chaji hizo ndizo zilizoufanya mporomoko kuwa wa ghafla. Miaka kumi kabla, mwaka 1968, Karel Dušek na Donald Patterson walikuwa wametabiri kwa hesabu kwamba jeli inaweza kuruka namna hiyo. Dušek alifanya kazi Prague, katika taasisi ileile ya makromolekuli aliyoianzisha Wichterle.

Mwaka 1984 Tanaka na Yoshitsugu Hirokawa wakaleta jeli ya PNIPAM. Hii haikuhitaji asetoni wala chaji. Maji matupu na joto vilitosha. Weka kipande chake kwenye bilauri ya maji ya bomba: ni angavu kiasi kwamba unakitafuta kwa kidole. Pasha maji taratibu. Yanapovuka nyuzi 33 hivi kipande kinapauka, kinageuka cheupe pe, halafu kinaanza kutema maji na kusinyaa. Pooza, kinarudi. Tanaka alikuwa pia ameshaeleza kwa nini zoezi hilo linachosha ukitumia kipande kikubwa: muda wa kuvimba au kusinyaa hukua kwa mraba wa unene. Punguza unene mara kumi, mwitikio unaharakishwa mara mia. Kipande cha unene wa kidole kinachukua siku, na utando mwembamba kuliko unywele unajibu mara moja. Sheria hiyo moja ndiyo iliyowaelekeza wachujaji kwenye tando. Tanaka hakuuona mwisho wa kazi hiyo. Alifariki Mei 2000, akicheza tenisi, akiwa na miaka 54.

Wahandisi hawakusubiri wanafizikia wamalize kubishana. Huko Minnesota, E. L. Cussler alitumbukiza jeli kwenye mchanganyiko: zikinywa maji na molekuli ndogo, molekuli kubwa zinabaki nje zikiwa zimekolea, kisha jeli zinapashwa moto, zinatema zilichomeza, zinatumika tena. Seattle, Allan Hoffman alivinasa vimeng'enya ndani ya jeli za PNIPAM na kuviwasha na kuvizima kwa joto. Na mwaka 1991 Herman Feil, You Han Bae, Jan Feijen na Sung Wan Kim, wakiunganisha Utah na Twente ya Uholanzi, walichapisha jaribio ambalo kwangu ndilo kiini cha habari hii. Walitengeneza utando wa PNIPAM uliotiwa butili methakrilati kidogo, wakamwaga upande mmoja mchanganyiko wa vitu vitatu: rangi ya uranini yenye uzito wa 376, dekstrani ya 4,400, na dekstrani ya 150,000. Utando ukiwa wa moto na umesinyaa, rangi ndogo inapita na dekstrani zinabaki. Ukipozwa na kuvimba, dekstrani ndogo nayo inapata njia. Ile kubwa haipiti. Utando mmoja, vitu vitatu, na kilichoamua nani apite ni joto.

Kwa nini basi vihisi havikuuchukua utando huo siku ya pili yake? Jibu fupi ni kwamba mwili hauna kitufe cha joto cha kuzungusha. Joto la mwili halichezi sana, na hapo ndipo teknolojia hii ilipohitaji kazi nyingine ya kufanya.

Kazi hiyo ilioneshwa kwanza Japani, na haikuhusu vihisi. Teruo Okano, aliyewahi kufanya kazi Utah na Kim, alipaka tabaka jembamba mno la PNIPAM kwenye sakafu ya sahani za kukuzia seli. Kwa nyuzi 37 seli hushika, hukua, hujaza sahani. Kwa kawaida ukitaka kuzitoa unatia kimeng'enya kinachozichana. Okano na Noriko Yamada, katika makala ya mwaka 1990, walizipoza tu: PNIPAM ikanywa maji, ikavimba, seli zikaachia zenyewe. Baadaye shuka nzima za seli zikaweza kuinuliwa zikiwa hazijachanika, na mwaka 2004 madaktari wa Osaka waliripoti wagonjwa wanne waliowekewa juu ya konea shuka zilizokuzwa kutoka ngozi laini ya ndani ya mdomo wao wenyewe.

Seli zinazoachia ndilo jambo lililokuwa likikosekana kwenye vihisi. Kitu chochote kigeni kikiingizwa chini ya ngozi, protini hukivaa ndani ya dakika chache. Seli za kinga hufuata, zinakitafuna na kushindwa, na baada ya wiki kadhaa kinazungushiwa kovu la kolajeni. Sukari inachelewa kufika au haifiki kabisa. Kihisi cha MiniMed kilichopata kibali Marekani mwaka 1999 kilivaliwa siku tatu. FreeStyle Libre, iliyoanza kuuzwa Ulaya mwaka 2014, ilifika siku 14. Si haba, lakini kila nyongeza ya siku imepatikana kwa jasho.

Katika Chuo Kikuu cha Texas A&M, Melissa Grunlan na Gerard Coté walianza kwa swali la kusafisha: je, utando wenyewe ungeweza kujikung'uta? Mwaka 2009 kikundi chao kilichapisha utando wa PNIPAM kwa ajili ya kihisi cha kupandikizwa, uliokusudiwa kuvimba na kusinyaa mara kwa mara ili seli zilizoshika zipoteze mshiko. Kwanza ilibidi waihamishe nyuzi 32. Hilo halina siri kubwa: changanya polima inayopenda maji na joto la badiliko linapanda, changanya isiyopenda na linashuka. Wakalisogeza karibu na joto lililopo chini ya ngozi, ili kuipasha au kuipoza ngozi kidogo kutoka nje kutoshe.

Kisha likaja suala la nguvu. PNIPAM iliyovimba ni dhaifu, inakatika ukiigusa vibaya, na ukiifanya nene ili isikatike unagongana na mraba wa Tanaka. Suluhisho lilitoka Hokkaido. Jian Ping Gong na wenzake walikuwa wameonyesha mwaka 2003 kwamba jeli mbili zilizosukwa moja ndani ya nyingine, ya kwanza ngumu na yenye chaji, ya pili laini na ndefu, huwa imara kupita kiasi: ya kwanza inavunjika vipande vidogo vidogo na kumeza nguvu, ya pili inashikilia umbo. Texas waliuchukua mtindo huo, wakatumia PNIPAM katika nyavu zote mbili, na ule wa kwanza wakautia polima yenye salfoneti ili uwe na chaji. Waliuchapisha mwaka 2016, na mwaka 2019 wakafuatisha majaribio ya kuupandikiza chini ya ngozi ya panya wa maabara.

Madukani njia iliyotangulia ni nyingine. Eversense, kijiti kinachopandikizwa chini ya ngozi ya mkono na kusoma sukari kwa mwanga ndani ya jeli yenye asidi ya boroniki, kilianza Marekani na siku 90 mwaka 2018 na kufika siku 365 mwaka 2024, kikisaidiwa na dawa ya deksamethasoni inayotoka polepole kuwatuliza askari wa mwili. Dawa hutuliza mpaka iishe. Utando unaojikung'uta hauna kitu cha kuisha, lakini una deni lake: ukisinyaa, mianya inafumba, sukari inapenya polepole zaidi, na namba itakayosomwa dakika hizo ni ya chini kuliko ukweli. Kwa hiyo kihisi cha namna hiyo kinapaswa kujua joto lake chenyewe, kisafishe kikiwa kimesinyaa, kisubiri hadi kivimbe tena, halafu ndipo kipime.